Akiba Inayooza: Jinsi ya Kutunza Chakula Kilichopikwa Mapema

Walengwa: Akina mama, walezi, na akina mama wenye hoteli ndogo na vibanda vya chakula
Ujumbe mkuu: Kila chakula kilichopikwa mapema kiwe na siku yake, kiasi chake na zamu yake.

Popote ulipo, iwe unachambua mboga, unamnyonyesha mtoto au unakoleza jiko la jioni, sogea karibu na redio tuzungumze.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa pesa ulizoweka kwenye chama. Ni kweli pia kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu. Lakini iko akiba moja ambayo huoza, tena upesi. Akiba hiyo ni chakula ambacho tayari kimepikwa.

Wengi wetu tunayo akiba hii. Mama mwenye watoto huchemsha maharagwe mengi siku ya Jumapili ili katikati ya wiki awe anakaanga tu. Mwenye kibanda hupika githeri na ndengu usiku ili wafanyakazi wa mjengo wakija saa sita mchana wapate chakula tayari. Mwingine hupitia kwa muuzaji kando ya barabara jioni akapimiwa githeri ya kuchemshwa kwa kikombe. Si makosa kupika mapema. Makaa yana bei, gesi ina bei, na muda wa mama pia una bei. Maharagwe yanaweza kuchukua saa mbili au tatu motoni. Ukipika mara moja ukala mara mbili, umeokoa pesa.

Shida huanza pale ambapo chakula kipo lakini hakuna anayejua kilipikwa lini, kimebaki kiasi gani, na kipi kinafaa kuliwa kwanza. Leo tutajifunza jinsi ya kukijua, kukihesabu na kukipa kila chakula siku yake.

KINACHOTOKEA NDANI YA SUFURIA

Hebu tuseme umepika maharagwe yakaiva saa tatu usiku. Umechoka. Umefunika sufuria, ukaiacha juu ya meko, ukaenda kulala. Asubuhi unafunua, unanusa, unaona yako sawa, unayapasha kidogo na kumpa mtoto kabla hajaenda shule. Ni nini kilichotokea usiku huo?

Vijidudu vinavyosababisha magonjwa hupenda uvuguvugu. Katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za selsiasi vinakuwa hai na kuzaana. Chini ya nyuzi 5, yaani ndani ya friji inayofanya kazi vizuri, vingi huzubaa na kuzaana polepole sana. Juu ya nyuzi 60, chakula kikiwa moto wa kutoa mvuke, haviwezi kuongezeka. Lakini sufuria iliyoachwa juu ya meko usiku kucha haiko huku wala kule. Iko pale pale ambapo vijidudu vinapapenda.

Vikipata mahali pazuri, baadhi ya vijidudu hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Hiyo ni saa moja tu. Baada ya saa mbili ni 64. Hesabu hiyo ikiendelea hadi saa kumi alfajiri, yaani saa 7 tangu maharagwe yaive, kile kimoja kimekuwa zaidi ya milioni mbili.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuwekwa kwenye baridi. Ushauri huo umo katika Kanuni Tano za Usalama wa Chakula, ambazo shirika hilo lilizitoa mwaka 2001. Kanuni zenyewe ni rahisi: dumisha usafi, tenga chakula kibichi na kilichopikwa, pika chakula kiive kabisa, hifadhi chakula katika joto au baridi inayofaa, na tumia maji na vyakula salama.

Labda utauliza, "Si nitachemsha tena asubuhi, vijidudu vife?" Swali hilo ni zuri, mama. Ni kweli kuchemsha huua vijidudu vingi. Lakini vipo ambavyo, vikikaa ndani ya chakula, huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kimoja hupatikana sana kwenye wali. Kinaitwa Bacillus cereus. Mchele mbichi hubeba mbegu zake ngumu, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu wake, mbegu huamka, vijidudu huongezeka na kutoa sumu. Ukipasha wali huo moto, vijidudu vinaweza kufa lakini sumu ikabaki. Aliyekula hutapika, na wengi husema, "Sijui amekula nini," kumbe ni wali wa jana.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba chakula chenye vijidudu vya magonjwa si lazima kinuke au kibadilike rangi. Kinaweza kuwa na harufu nzuri na ladha nzuri. Pua na ulimi haviwezi kukuambia siku ambayo chakula kilipikwa.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWA MTOTO

Mwaka 2015 WHO ilitoa ripoti kuhusu magonjwa yanayoletwa na chakula. Ilikadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na watu 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto walio chini ya miaka mitano. Mtu mzima akihara siku mbili hudhoofika kisha akapona. Mtoto mchanga akihara siku mbili, maji ya mwili wake mdogo yanaweza kwisha kabisa.

Tusidhani ni nyumba za watu wa kipato kidogo pekee. Mwaka 2017 hapa Nairobi, watu waliohudhuria mikutano na maonyesho yaliyofanyika katika hoteli na kumbi kubwa za jiji waliugua kipindupindu. Jikoni ikiwa kubwa, kosa moja dogo linawafikia watu wengi zaidi.

MPANGO WA JIKONI LA HOTELI

Jikoni la hoteli iliyopangwa vizuri halipiki kila kitu mteja anapoagiza. Mchuzi umeshapikwa, maharagwe yameshachemshwa, nyama imeshaiva nusu ya kazi. Mteja akiagiza, mpishi anachukua kiasi, anamalizia na kupakua. Je, wapishi wanajuaje kipi ni cha jana na kipi ni cha juzi? Wana utaratibu wa mambo manne. Utaratibu huu hauhitaji mashine wala pesa nyingi. Unaweza kuufuata kwenye kibanda chako, na unaweza kuufuata nyumbani kwako.

La kwanza: kila chombo kiandikwe.
Chukua kipande cha karatasi na tepu, au kalamu ya wino mzito. Andika mambo matatu: ni chakula gani, kimepikwa siku gani, na mwisho wake ni lini. Kwa mfano: "Maharagwe. Yamepikwa Jumatatu. Mwisho Jumatano." Ukiwa na kibanda, ongeza la nne, yaani kiasi: "Sahani 10."

WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye friji zaidi ya siku tatu. Ili usichanganyikiwe, ihesabu siku ya kupika kuwa siku ya kwanza. Kilichopikwa Jumatatu, mwisho wake ni Jumatano usiku. Alhamisi hakiliwi, hata kama kinaonekana kizuri.

Kama anayekusaidia jikoni hajui kusoma, tumia nyuzi au vitambaa vya rangi. Jumatatu nyekundu, Jumanne kijani, Jumatano bluu, na kadhalika. Funga uzi kwenye mkono wa sufuria au kwenye mkebe. Mbandike mfano wake ukutani. Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la pili, ataelewa.

La pili: gawanya kabla ya kuweka.
Usihifadhi chakula kwenye sufuria moja kubwa. Kila unapoifunua na kuchota, unaingiza mkono, mwiko na vumbi. Gawanya katika mikebe midogo, kila mkebe uwe na kiasi cha mlo mmoja wa familia yako, au sahani kumi za kibanda. Ukihitaji, unatoa mkebe mmoja na mingine inabaki imefunikwa bila kuguswa.

La tatu: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka.
Ukiweka chakula kipya, kiweke nyuma. Cha zamani kisogeze mbele. Watu wengi hufanya kinyume: kipya kinawekwa mbele kwa sababu ndicho kilicho mkononi, na cha zamani kinasukumwa nyuma hadi kisahaulike. Halafu siku moja unasafisha friji, unakuta bakuli lenye ukungu, na unashindwa kukumbuka lilikuwa la nini.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa sana, na tunaomba ulisikilize vizuri. Mchuzi wa jana umebaki kidogo. Leo umepika mpya. Unamimina ule wa jana ndani ya ule wa leo ili usipotee. Mama, ukifanya hivyo umepoteza siku. Sufuria yote sasa ina umri wa ule mchuzi wa jana, na kesho ukifanya tena vivyo hivyo hutajua tena umri wake. Usichanganye cha zamani na kipya. Maliza cha zamani kwanza, kwa chombo chake.

La nne: hesabu kabla ya kupika.
Kila jioni, kabla ya kupima maharagwe au mchele, fungua friji au kabati, uangalie kilichopo. Kwa mwenye kibanda, daftari dogo la shule linatosha. Chora mistari upate safu tano: chakula, siku ya kupikwa, sahani zilizopikwa, sahani zilizouzwa, sahani zilizobaki. Ongeza pia safu ya vilivyotupwa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokufundisha.

Tufanye hesabu pamoja. Kilo moja ya maharagwe makavu ikiiva huwa kama kilo mbili na nusu. Kama sahani yako moja huchukua robo kilo, basi kilo moja kavu inakupa sahani 10. Daftari lako linaonyesha unauza sahani 20 kwa siku. Unataka kupika ya siku mbili, yaani sahani 40. Umeangalia friji, ukakuta sahani 8 za jana ambazo siku zake hazijaisha. Ondoa 8 kwenye 40, inabaki 32. Basi pika kilo tatu na robo, si kilo nne. Na kesho, zile sahani 8 ndizo za kwanza kuuzwa.

Bila hesabu hiyo ungepika kilo nne. Kisha Jumatano jioni ungebaki na maharagwe ambayo moyo unakataa kuyamwaga, ukajishawishi kwamba bado yanaweza kwenda siku moja zaidi. Mara nyingi mtu halishi wateja au watoto wake chakula kibovu kwa sababu ya ubaya. Ni kwa sababu alipika kingi na anaona uchungu kukitupa. Anayehesabu kabla ya kupika hajiingizi kwenye mtihani huo.

KUPOZA VIZURI

Chakula cha kuwekwa akiba lazima kipozwe upesi. Sufuria kubwa ya githeri ikiachwa hivi hivi, juu inaweza kuwa baridi huku katikati bado ni vuguvugu kwa saa nyingi. Ukiichukua ikiwa moto ukaisukuma nzima kwenye friji, hali ni ile ile, tena itapasha maziwa na vyakula vingine vilivyomo.

Fanya hivi. Pakua chakula kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi vidole vitatu. Weka vyombo hivyo ndani ya karai au beseni lenye maji baridi, ukichunga maji yasiingie ndani. Koroga kwa kijiko safi mara kwa mara. Maji yakipata joto, yabadilishe. Funika kwa wavu au kitambaa safi ili nzi wasitue. Mvuke ukiisha na chombo kikishikika vizuri kwa mkono, funika kwa kifuniko, bandika karatasi yake, ukiweke kwenye friji. Kazi yote isizidi saa mbili tangu chakula kilipotoka motoni.

Ndani ya friji, vyakula vilivyopikwa vikae rafu ya juu. Nyama na samaki wabichi wakae chini kabisa, ndani ya chombo, ili maji yao yasidondokee chakula kilichoiva. Usijaze friji hadi hewa ikose kupita.

Na stima ikipotea? Usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hubaki na baridi kwa saa 4 hivi. Stima ikikaa bila kurudi kwa muda mrefu zaidi ya huo, chakula kilichopikwa, maziwa na nyama visihifadhiwe tena. Angalia saa mara tu stima inapopotea, uandike.

KAMA HUNA FRIJI

Wasikilizaji wengi hawana friji, na tunalijua hilo. Je, usipike mapema kabisa? La. Unaweza kujiandaa mapema bila kupika mapema.

Akiba yako iwe kavu. Siku ukiwa na nafasi, chambua maharagwe au ndengu, ondoa mawe na zilizooza, kisha pima kiasi cha mlo mmoja mmoja katika mifuko au mikebe mikavu. Pima unga wa uji vivyo hivyo. Usiku loweka kiasi cha kesho tu. Asubuhi mwaga maji uliyolowekea, suuza, upike. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi na hula makaa machache. Kwa njia hii kazi ngumu umeimaliza mapema, lakini hujawapa vijidudu karamu.

Kilichopikwa, pika cha kumalizika siku hiyo. Kama chakula cha mchana kitaliwa baadaye kidogo, kiweke kikiwa moto sana kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, au kiache juu ya jiko lenye moto mdogo kikiendelea kutoa mvuke. Hotpoti hutunza joto, haitengenezi joto. Ukiweka chakula vuguvugu, umekiwekea vijidudu nyumba nzuri. Ukifunua hotpoti usione mvuke, muda wake umekwisha.

Na ukinunua githeri au maharagwe ya kuchemshwa barabarani, umeleta nyumbani akiba isiyo na siku. Muulize muuzaji kwa upole, "Mama, yameiva saa ngapi?" Nunua yaliyo moto, nunua ya jioni hiyo tu, na ukifika nyumbani yachemshe vizuri kabla ya kula.

KUPASHA MOTO

Toa kiasi utakachotumia, si zaidi. Pasha hadi kichemke na mvuke utoke, huku ukikoroga ili katikati pia pashike moto. Mwenye kipima joto cha jikoni ahakikishe katikati pamefika nyuzi 70 au zaidi. Pasha mara moja tu. Kilichopashwa kikabaki hakirudi kwenye friji wala kwenye mkebe.

CHAKULA CHA MTOTO MDOGO

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji uji, maji wala mchuzi. Maziwa ya mama pekee yanamtosha. Maziwa hayo hayana haja ya kuandikwa siku.

Akifika miezi sita na kuanza vyakula vingine, mpikie kidogo kidogo, kiasi cha kuliwa wakati huo. Usimpe kiporo mtoto wa umri huo kama una njia nyingine. Ukilazimika kwenda kazini na kuacha uji, umimine ukiwa unachemka kwenye chupa ya chai iliyooshwa na kusuuzwa kwa maji ya moto, na umwambie anayebaki na mtoto saa ambayo uji ulipikwa. Mlezi amimine kiasi kidogo kwenye kikombe safi na aangalie kisimchome mtoto. Uji ukimiminwa ukawa hauna moto, usipewe mtoto. Uliobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa usirudishwe kwenye chupa, wala usiwekwe ili anywe baadaye. Mate na kijiko vimeshaingiza vijidudu.

Tumia kikombe na kijiko badala ya chupa ya kunyonyea. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha, na mabaki hujificha kwenye chuchu yake. Na kabla ya yote, nawa mikono kwa sabuni: kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto, baada ya kutoka choo na baada ya kumbadilisha mtoto nepi.

MTOTO AKIHARA

Licha ya tahadhari zote, mtoto anaweza kuhara. Usingoje. Mpe maji ya ORS mara moja. Soma pakiti uone ni ya nusu lita au ya lita moja, uichanganye na kiasi hicho hicho cha maji safi ya kunywa. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole. ORS iliyochanganywa nayo ina siku yake: baada ya saa 24, imwage, changanya nyingine. Andika saa uliyochanganya.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kwenye kituo cha afya atapewa pia vidonge vya zinki. Avimalize kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyokuelekeza, hata kama kuhara kumekoma.

Mkimbize mtoto hospitalini ukiona mojawapo ya dalili hizi: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, amelegea sana au hazinduki, ana degedege, au kuna damu kwenye choo chake. Kama anahara maji mengi meupe kama maji ya kuoshea mchele, usisubiri hata kidogo. Kinaweza kuwa kipindupindu.

NENO KWA MWENYE KIBANDA

Mama mwenye kibanda, wateja wako pia wana mama zao. Wamekuamini. Mtu anayehudumu chakula akiwa anahara au ana kidonda kinachotoa usaha mkononi, asiguse chakula hadi apone. Pata kibali na cheti chako cha afya kama sheria inavyotaka, na usimwogope afisa wa afya ya umma. Akija, mwonyeshe daftari lako na mikebe yako iliyoandikwa. Muulize pale usipoelewa. Kumwelimisha mwenye kibanda pia ni kazi yake.

Chakula siku zake zikiisha, kitupe, na uandike kwenye safu ya vilivyotupwa. Usimpe jirani, wala mtoto wa mtu mwingine. Mwisho wa wiki soma safu hiyo. Ukiona Jumanne mbili mfululizo umetupa sahani sita za ndengu, basi Jumanne punguza ndengu. Kidogo kidogo safu hiyo itabaki tupu, na faida yako itaongezeka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Andika kila chombo: chakula gani, siku gani, mwisho lini.
2. Siku ya kupika ndiyo siku ya kwanza. Kwenye friji, siku tatu basi.
3. Poza upesi kwenye vyombo vipana, ndani ya saa mbili.
4. Cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka. Usichanganye cha jana na cha leo.
5. Hesabu kilichopo kabla ya kupika kingine.
6. Huna friji? Andaa kikiwa kikavu, pika cha siku hiyo.
7. Pasha moto hadi kichemke, mara moja tu.
8. Usipojua kilipikwa lini, usile wala usimpe mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Jana usiku ni chakula gani kilibaki nyumbani kwako, na kilikaa wapi hadi asubuhi?
2. Katika chama chenu, ni nani mwenye friji, na ni nani asiye nayo? Mnawezaje kusaidiana?
3. Kila mmoja ataje jambo moja atakaloanza kufanya leo jioni.

Mama, mlezi, leo usiku kabla ya kulala nenda jikoni. Funua kila sufuria, na kwa kila unachokikuta jiulize, "Hiki kilipikwa lini?" Kama una jibu, kiandike. Kama huna, unajua la kufanya.

Kinga ni bora kuliko tiba.